Nyongo, Mafuta na Damu: Mawe ya Nyongo katika Historia ya Kusini mwa Pwani ya Tanzania

Naliendele, kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani iliyo kando ya barabara ya kwenda Newala, inajulikana nchini kwa utafiti wa korosho, ufuta na karanga, na si mahali ambapo msomaji angetazamia kuanzia historia ya ugonjwa wa mawe katika mfuko wa nyongo. Hata hivyo, mambo yanayoamua kama nyongo ya mtu itabaki maji au itaganda kuwa jiwe, yaani mafuta anayokula, muda anaokaa na njaa, uzazi na maisha ya chembe za damu yake, ndiyo yaliyobadilika sana, au yaliyogoma kubadilika, katika ukanda huu wa kutoka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma kwa muda wa karne moja iliyopita. Madaktari wa enzi ya ukoloni walishikilia kwamba mawe ya nyongo ni ugonjwa adimu mno kwa Mwafrika, na kauli hiyo ilirudiwa hata ikawa kama kanuni. Ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikuwa ukweli wa aina moja tu ya jiwe, nayo aina ya pili ilikuwa na historia tofauti kabisa, ambayo vipimo vya wakati ule havikuweza kuiona.

Nyongo ni maji ya rangi ya manjano iliyokolea hadi kukaribia kijani, machungu mno, yanayotengenezwa na ini mchana na usiku kwa kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku kwa mtu mzima. Sehemu yake huhifadhiwa katika mfuko mdogo ulioshikana na ini kwa upande wa chini, usiobeba zaidi ya mililita 30 hadi 50, na kwa kuwa mfuko huo hufyonza maji na kubakiza vilivyoyeyuka ndani yake, nyongo iliyomo huwa nzito mara 5 hadi 10 kuliko ile inayotoka moja kwa moja kwenye ini. Mchinjaji wa mbuzi anaufahamu mfuko huo kuliko wengi waliousoma vitabuni: huukata pamoja na kipande cha ini, akikubali hasara ya nyama kidogo ili kisu kisiuguse wenyewe, kwa sababu ukipasuka uchungu wake huenea kwenye maini yote na hakuna kuosha kunakoutoa. Uchungu huo unatoka hasa kwenye chumvi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kwa kuibadili lehemu, yaani kolesteroli, na ambazo kazi yake ni kuyavunjavunja mafuta ya chakula utumboni ili mwili uweze kuyafyonza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Lehemu haiyeyuki katika maji, nayo nyongo ni maji kwa sehemu kubwa. Ini linapotoa lehemu ya ziada kupitia nyongo, linaisafirisha kwa msaada wa chumvi za nyongo na wa mafuta maalumu yaitwayo fosfolipidi, ambayo kwa pamoja huizingira na kuishika kama sabuni inavyoshika mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Katika nyongo iliyo sawa, chumvi za nyongo ni takriban theluthi mbili ya vitu vilivyoyeyuka, fosfolipidi karibu robo, na lehemu ni sehemu ndogo tu. Lehemu ikizidi, au wasafirishaji wake wakipungua, nyongo hubeba kuliko uwezo wake, na kinachozidi hujitenga kwanza kama fuwele ndogo zisizoonekana kwa macho. Fuwele hizo hunaswa katika ute wa mfuko, zikawa tope, na tope likikaa muda mrefu bila kusukumwa nje huwa jiwe.

Maelezo haya yanaonekana mepesi leo, lakini yalichukua karne mbili kupatikana. Katika karne ya 18 daktari Mfaransa Poulletier de la Salle alitenga kitu cheupe, chenye fuwele, kutoka katika mawe ya nyongo, nacho kikapewa jina na mkemia Chevreul mwanzoni mwa karne iliyofuata, kwa hiyo lehemu ambayo leo inatajwa kila mahali kwa sababu ya moyo na mishipa ilitambuliwa kwanza ndani ya jiwe la nyongo. Mwaka 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch alikuwa wa kwanza kuutoa mfuko mzima kwa upasuaji, akishikilia kwamba kosa la mfuko si kuwa na mawe bali kuyatengeneza. Wakemia Wajerumani Heinrich Wieland na Adolf Windaus walipata Tuzo ya Nobel, mmoja ya mwaka 1927 kwa kazi yake juu ya asidi za nyongo na mwingine ya mwaka 1928 kwa uchunguzi wa jamii ya lehemu. Lakini aliyetaka kujua kwa nini mtu mmoja apate jiwe na jirani yake asipate alisubiri hadi mwaka 1968, ambapo Wamarekani William Admirand na Donald Small walichora pembetatu ambayo kila upande wake uliwakilisha kimojawapo cha vitu vile vitatu, wakaonyesha kwamba kuna eneo dogo ambamo lehemu hubaki imeyeyuka, na kwamba nyongo ya wagonjwa wenye mawe ya lehemu huangukia nje ya eneo hilo. Lawama ikahama kutoka kwenye mfuko wa Langenbuch ikaenda kwenye ini. Haikukaa huko kwa muda mrefu, maana mwaka 1979 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba hata watu wasio na mawe mara nyingi huwa na nyongo iliyozidiwa na lehemu, na kwamba tofauti ipo katika muda ambao fuwele huchukua kujitokeza: siku chache kwa wenye mawe, majuma kwa wasio nayo. Mfuko, pamoja na ute wake na uvivu wake wa kujikamua, ukarudi kizimbani.

Katika mwambao wa Waswahili nyongo ilikuwa na historia yake kabla ya elimu hii. Tiba iliyofika pamoja na vitabu vya Kiarabu ilifuata mafundisho ya Wagiriki wa kale, kwamba mwili unaendeshwa na damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba ugonjwa ni kuvurugika kwa mizani ya vitu hivyo vinne. Wazo la mizani halikuwa mbali sana na pembetatu ya mwaka 1968, ingawa lingekuwa kosa kumpa sifa Galeni, tabibu wa Kigiriki wa mafundisho hayo, kwa jambo asilolijua. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, nyongo imebeba hofu nzito zaidi, kwa kuwa nyongo ya mamba huaminiwa kuwa sumu isiyo na dawa. Mwezi Januari 2015, watu 75 walipofariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani katika eneo la Chitima, mkoani Tete, maneno ya kwanza yalikuwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba ndani ya pipa. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulionyesha sumu nyingine kabisa, iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Nyongo ya mamba ina chumvi zake kama ya mnyama mwingine yeyote, na tofauti yake ya kemia ni ndogo: asidi zake zina kaboni 27 badala ya 24 za binadamu.

Hospitali za kusini zilianzishwa na misheni kabla ya serikali kufika kwa nguvu. Wabenedikto walikuwa Ndanda tangu 1906, na Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na huduma zao Masasi na vijiji vya jirani, ambako Leader Stirling, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alifika mwaka 1935 na kujenga hospitali ya Lulindi. Baadaye alihamia Mnero, akachukua uraia, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Waliopelekwa kwenye meza za upasuaji za hospitali hizo walikuwa na ngiri, mabusha, majeraha na uzazi ulioshindikana. Mgonjwa wa mawe ya nyongo, kama anavyoelezwa katika vitabu vya Ulaya, yaani mama mnene wa makamo anayeshikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula chakula cha mafuta, hakuwa mgeni wa kawaida pale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali Afrika Mashariki. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miongo mitatu, alitoa kitabu mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliendelea hata baada ya kurudi London kutuma hojaji kwa hospitali za misheni, akiuliza ni wagonjwa wangapi wenye maradhi haya na yale wameonekana. Mwaka 1981 wawili hao walihariri kitabu kilichoyaweka mawe ya nyongo miongoni mwa maradhi yanayofuatana na maisha ya Kimagharibi, yakiletwa hasa na sukari, unga uliokobolewa na upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula.

Hoja yao ilikuwa na nguvu, lakini chombo chao cha kuhesabia kilikuwa dhaifu. Takriban wanne kati ya kila watu watano wenye mawe ya nyongo hawapati dalili yoyote, hivyo hesabu ya wanaofika hospitali huacha nje walio wengi, na kabla ya altrasaundi kuenea, hapakuwa na njia rahisi ya kuyaona mawe kwa mtu aliye hai isipokuwa eksirei yenye dawa maalumu, iliyobuniwa mwaka 1924, ambayo hospitali ya kijijini haikuwa nayo. Hojaji ya Burkitt, kwa maneno mengine, ilipima maumivu yaliyosafiri hadi hospitali, nayo safari ya kutoka Naliendele hadi Ndanda haikuwa ndogo.

Hata baada ya kutoa makosa ya hesabu, bado kuna sababu ya kuamini kwamba mawe ya lehemu yalikuwa machache kweli. Chakula cha ukanda huu, wenye udongo wa kichanga na, kwenye uwanda wa Wamakonde, uhaba mkubwa wa maji, kilikuwa ugali wa muhogo, mtama na mahindi, pamoja na kisamvu, kunde, mbaazi, njugu mawe na samaki kwa walio karibu na bahari. Wakati wa uhaba watu waliingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni vyembamba ambavyo huchemshwa na kuliwa kwa chumvi, na ambavyo hadi leo huuzwa barabarani Mtwara na Lindi kama kitafunwa cha heshima, si cha njaa. Chakula cha namna hii kina nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Ken Heaton na wenzake mjini Bristol, katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba pumba za ngano hupunguza katika nyongo asidi moja iitwayo deoksikoli, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana na kurudishwa kwenye ini, na kwamba ikipungua, nyongo nayo hupunguza mzigo wake wa lehemu.

Picha hiyo, hata hivyo, si safi kama Burkitt alivyotaka iwe. Watafiti wa Chile, nchi yenye mawe ya nyongo kwa wingi mno, waligundua mwaka 1989 kwamba vijana waliolishwa kunde na jamii zake kwa wingi walikuwa na nyongo iliyozidi lehemu. Kwa kipimo hicho, mla mbaazi wa Naliendele alipaswa kuugua, si kukingwa. Uzazi nao unavuta upande huohuo, kwa kuwa homoni ya estrojeni huongeza lehemu katika nyongo na projesteroni huulegeza mfuko usijikamue vizuri, na wanawake wa kusini walizaa mara nyingi. Kipindi cha njaa kabla ya mavuno kilifanya mfuko ukae muda mrefu bila sababu ya kujikamua. Kulikuwa basi na kitu kingine kilichosawazisha, na pengine kilikuwa wembamba wa miili na kazi ya jembe kuliko chakula chenyewe. Utafiti juu ya Wamaasai uliochapishwa mwaka 1971 na Kurt Biss, Bruce Taylor na wenzao unaongeza tahadhari. Watu hao waliishi kwa maziwa na nyama, yaani mafuta ambayo kwa hesabu ya Ulaya yangewajaza mawe, lakini nyongo yao ilipopimwa ilikutwa na chumvi na fosfolipidi nyingi kulinganisha na lehemu, hata mawe ya lehemu yakawa nadra mno kwao. Kinyume chake, wenyeji wa asili wa Arizona wa jamii ya Pima walichunguzwa wakati uleule, na zaidi ya theluthi mbili ya wanawake wao waliopita miaka 25 walikuwa na mawe. Urithi, kwa hiyo, hupanga nafasi ya kila kitu kabla chakula hakijafika mdomoni.

Kuna kejeli katika ukweli kwamba ukanda huu usio na mafuta mezani ulichaguliwa uwalishe wengine mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea bara. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilichobaki ni bandari na mji ulioizunguka. Karanga zile, kama zingepatikana, zingekwenda kwenye majarini ya nchi ambako mawe ya lehemu yalikuwa kazi ya kawaida ya wodi za upasuaji.

Aina ya pili ya jiwe haina uhusiano na mafuta. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na zinapokufa rangi yake, himoglobini, huvunjwa na kuwa bilirubini, kitu cha manjano ambacho ini hukiandaa na kukitoa kupitia nyongo. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, chembe hizo hupinda kama mundu na kuishi siku 10 hadi 20 tu, ini likazidiwa na bilirubini, na ile isiyoandaliwa vizuri ikaungana na kalisi ndani ya mfuko na kuwa mawe meusi, madogo, yanayovunjika kirahisi, ambayo huweza kuanza hata utotoni. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi tabia hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana haipotei katika maeneo yenye mbu wengi. Na ukanda wa Mtwara na Lindi haujapata kukosa malaria. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, wakikadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka.

Kwa nini basi mawe meusi hayakujaza madaftari ya misheni? Jibu halipendezi. Mtoto mwenye selimundu, bila huduma, mara nyingi alikufa kabla ya kutimiza miaka 5, kwa malaria, kwa nimonia au kwa upungufu wa damu, na kifo chake kiliandikwa kwa jina la ugonjwa uliommaliza. Jiwe lilihitaji muda, nao muda huo hakupewa. Kliniki ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako daktari Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu, pamoja na dawa ya haidroksiurea, imefanya watoto wengi zaidi wafikie ujana, na kijana anayefika hospitali na mawe meusi anathibitisha kwamba ameishi. Takwimu zikionyesha aina hii ya mawe ikiongezeka kusini, itakuwa haki kuzisoma hivyo kabla ya kulaumu chipsi.

Kuna pia mawe ya kahawia, yanayotokana na bakteria na minyoo walioingia kwenye mifereji ya nyongo. Yalikuwa mengi Japani hadi Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, kisha chakula kikabadilika na usafi ukaimarika, na katika kizazi kimoja mawe ya lehemu yakachukua nafasi yake. Japani ndiyo kielelezo bora kuliko vyote kwamba muundo wa nyongo wa taifa zima unaweza kugeuka bila damu yake kugeuka.

Mtwara ilikaa mbali na mabadiliko ya namna hiyo kwa sababu ya barabara mbovu. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mvua haikuweza tena kuukata mkoa kirahisi kama zamani, na ngano, sukari na mafuta ya kula ya dukani yakafika kwa urahisi zaidi. Korosho ilikwenda upande wa pili. Zao hilo lililotoka Brazil kwa mikono ya Wareno, na ambalo utafiti wa Naliendele ulisaidia kuliokoa kutoka kwenye ugonjwa wa ubwiriunga baada ya mavuno ya nchi kuanguka kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, husafirishwa kwa sehemu kubwa likiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Mwaka 2004 utafiti uliowafuata wauguzi wa kike wa Marekani kwa miaka mingi ulionyesha kwamba waliokula karanga na jamii ya korosho mara 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano pungufu kwa karibu robo wa kutolewa mfuko wa nyongo. Mkulima wa Naliendele huipeleka korosho yake ghalani na kurudi na fedha ya kununulia mafuta.

Jiwe la lehemu hukua polepole. Watafiti waliolipima kwa kaboni ya mionzi iliyotawanywa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia walikuta mwaka 1986 kwamba huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na kwamba miaka kadhaa hupita tangu lianze hadi maumivu ya kwanza. Likikatwa katikati huonyesha duara ndani ya duara, na mara nyingi kiini chake ni cheusi kwa bilirubini kabla ya kufunikwa na lehemu. Kwa sababu hiyo jiwe litakalotolewa mwaka huu mkoani Mtwara halielezi chakula cha mwaka huu. Tabaka zake za ndani zilitandazwa miaka mingi nyuma, na kwa kuwa mawe mengi hutupwa baada ya ndugu kuonyeshwa, bila kukatwa wala kupimwa, ushahidi wa lini nyongo ya watu wa kusini ilianza kugeuka unaishia kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji.